Mjadala: Krimu na manukato halisi kwenye tamthilia, mtazamaji aambiwe kama yamelipiwa?

Muuza marashi, Langoni, Lamu

Hoja yangu naitoa wazi ili mnipinge vizuri. Manukato, krimu au rangi ya mdomo yenye jina halisi ikionekana kwenye tamthilia kwa sababu kampuni imelipa, mtazamaji aambiwe. Aambiwe kwa Kiswahili, tena mwanzoni.

Kuzitambua bidhaa hizi ni raha, nami naipenda raha hiyo. Katika filamu ya The Silence of the Lambs (1991), Lecter, muuaji aliyefungwa, anamnusa Clarice, mwanafunzi wa upelelezi, kupitia matundu ya kioo, anataja krimu yake na kumwambia kuwa siku nyingine hujipaka L'Air du Temps, ila leo hakujipaka. Ni manukato ya Nina Ricci ya mwaka 1948, na jina hilo limetoka kwenye riwaya yenyewe. Linatuonyesha jinsi mtu yule anavyoweza kumsoma mwenzake bila kumgusa. Jina la namna hiyo sina ugomvi nalo.

Wateja wangu lakini huja na simu mkononi. "Nataka ile aliyojipulizia bi harusi." Naikuza picha kwa vidole, nakuta lebo imetiwa ukungu, kama tunavyoona kwenye tamthilia za Kituruki zinazoingizwa sauti za Kiswahili. Ukungu wenyewe haufichi kitu. Chupa ya Angel ya Mugler ni nyota tangu 1992. Classique ya Jean Paul Gaultier, ya 1993, ni kiwiliwili cha mwanamke. Mwenye duka ataijua hata taa zikizimwa. Kwa hiyo wanaosema "fichani majina, yaishe" hawajatatua lolote.

Kinachoniuma hasa ni krimu. Manukato yasipokufaa, umepoteza pesa. Krimu inakaa kwenye ngozi, na baadhi ya zile za kung'arisha hutiwa zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya mwilini na kuharibu figo, na haidrokwinoni nayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Kenya ilishazipiga marufuku krimu za namna hii, na bado zinauzwa. Sasa mwigizaji anakaa mbele ya kioo, kopo liko kando ya kitana, uso unang'aa. Mng'ao ule ni wa taa na poda ya mpambaji. Msichana aliyeko nyumbani anaona kopo tu.

Mpiga picha za filamu, Malindi

Dada yangu, heshima yako. Ila hesabu za kazi hii ni ngumu. Kuna kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kuna mashua ya kukodi, mafuta ya jenereta, chakula cha watu tangu alfajiri. Kampuni ya vipodozi ikinipa poda na rangi za kuwapamba waigizaji, pamoja na kitu kidogo, nimepata siku ya kupiga picha ambayo nisingeipata. Ukiweka onyo mwanzoni, kampuni hazitaacha kutangaza. Zitahamia kwa vijana wa TikTok, ambao wengi hawamwambii mtu chochote. Utakuwa umeua tamthilia na tangazo liko palepale.

Mwalimu mstaafu, Mkomani

Mwanangu wa Malindi, hakuna aliyesema onyo. Uingereza iliruhusu malipo haya kwenye vipindi vyake vya televisheni Februari 2011, ikataka herufi P, ya kuonyesha kuwa kuna bidhaa iliyolipiwa, ionekane kwa sekunde tatu mwanzoni, mwishoni na baada ya matangazo. Korea Kusini iliruhusu mwaka 2010, kwa masharti, na tamthilia zake hazikufa. Hivi leo ndizo zinazowauzia watoto wetu rangi za mdomo. Nasi tuna Ibara ya 46 ya Katiba: mlaji ana haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na anachonunua, na matangazo yawe ya kweli na ya staha. Tangazo lililojificha ndani ya hadithi lina ukweli gani?

Kijana wa Shela

Watu si watoto. Chupa ikikaa katikati ya picha na jina likitazama kamera, kila mtu anajua imelipiwa.

Mpambaji wa maharusi, Lamu

Mnagombania chupa za Paris. Mimi nauliza yetu yako wapi. Tamthilia inasema ni harusi ya Pwani, halafu bi harusi amezungukwa na vichupa vya dukani. Singo ya kumsugua mwili hakuna. Liwa ya msandali ya kupaka hakuna. Kikuba, kile kishada cha asumini, mkadi na mrehani, hakuna kabisa. Udi wakiukumbuka, mwigizaji anapitisha chetezo usoni mara moja na kukiweka chini. Sisi tunafukiza nywele na nguo taratibu, mpaka moshi ukolee. Udi hauna kampuni ya kuulipia, ndiyo maana unapita upesi. Malipo ndiyo yanayochagua kamera itazame nini, hata mkiweka herufi gani pembeni.

Muuza marashi, Langoni, Lamu

Bi mpambaji, umegusa palepale. Mwanamke anayekanda liwa mtaani hana wa kumpelekea mpiga picha bahasha.

Kijana wa Shela, wateja wengine wanajua, wengine wananiapia kuwa mwigizaji fulani anaitumia krimu ile kila siku.

Kaka wa Malindi, la TikTok nalikubali: kanuni iwe moja kwa kila anayelipwa, awe na kamera kubwa au simu. Manukato na rangi za mdomo, piga picha, chukua pesa yako, weka alama. Krimu za kung'arisha ngozi ndipo ninaposimama kabisa: zisiuziwe nafasi kwenye tamthilia, kwa bei yoyote. Na krimu nyingine yoyote, kwanza iwe na alama ya Shirika la Viwango. Hapa dukani mteja akiniuliza hugeuza kopo tukaitafuta pamoja. Basi nijibu hili: kampuni ikikuletea kopo kesho pamoja na hicho kitu kidogo, utasoma viambato vyake kabla ya kuliweka mbele ya kioo?