Majirani Oli: simu ya Hajati

*Kikundi: MAJIRANI OLI, ARUA, UGANDA. Jumamosi*

Abdi wa Steji 05:52
Salaam aleikum majirani. Jana saa mbili usiku Hajati amenyang'anywa simu nyuma ya msikiti. Vijana watatu. Mmoja tumemshika, wawili wamekimbia kuelekea mtoni.

Mama Zaitun 05:55
Ya Rabi! Hajati ameumia?

Hajati (simu ya mjukuu) 06:10
Niko salama, mkono umekwaruzika kidogo. Aliyenipokonya aliniambia "samahani bibi". Adabu anayo, kazi hana.

Baba Sadiki Welda 06:14
Adabu gani hiyo! Mngemalizana naye palepale, wenzake wapate habari.

Abdi wa Steji 06:16
Karibu imalizike. Kuna watu walikuwa wameshaleta tairi. Hajati ndiye aliyemkalia.

Mama Zaitun 06:16
Aliyem-nini?

Abdi wa Steji 06:17
Alimkalia mgongoni, na gurbaba lake, lile vazi la Kinubi. Nani atampiga Hajati ili amfikie mwizi? Akatoa tasbihi akaanza kuhesabu mpaka Mwenyekiti wa kijiji (LC1) alipofika.

Hajati (simu ya mjukuu) 06:21
Mgongo wote mifupa. Huyo mtoto hali.

Baba Sadiki Welda 06:25
Basi polisi. Wafanye operesheni, waokote wote wanaoshinda kwenye kibanda cha video. Tutalala milango wazi.

Mwalimu Rashid 06:31
Operesheni tumeziona, mzee wangu. Wanapakiwa kwenye gari, mama zao wanauza kuku kuwatoa, Jumatatu wako kibandani tena na marafiki wapya waliowapata selo. Tena ile ya kumkamata mtu kwa sababu anazurura tu, Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu zake kwenye kifungu cha 168 cha Sheria ya Adhabu. Kuzurura si kosa. Kuiba ndiyo kosa, na aliyeiba tunaye.

Mwenyekiti LC1 06:48
Asalaam aleikum. Naomba kwanza jina la mtoto lisitajwe humu. Ana miaka 14.
Nimelala na kitabu cha Sheria ya Watoto. Kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kushtakiwa. Lakini wizi, kuingia kwa watu, kuharibu mali, kupigana, yote hayo mtoto akiyafanya mahakama yetu ya kijiji inaruhusiwa kuyasikiliza. Tunaweza kupatanisha, kuamuru arudishe kitu au alipe, aombe radhi, aonywe. Na kuna amri ya uangalizi: tunamkabidhi kwa mtu mzima mmoja, amwongoze kwa muda usiozidi miezi 6. Siwezi kumweka ndani hata siku moja, na viboko havimo.
Kikao leo saa kumi jioni, kwangu.

Baba Sadiki Welda 06:52
Miezi 6 ya kuongozwa. Hiyo ni adhabu au ni semina? Mwenyekiti, 2018 tulijipanga mstari nyuma yako tukidhani tunachagua mwanaume.

Mwenyekiti LC1 06:53
Na wewe ulikuwa mstari wa mwenzangu, Baba Sadiki. Nilikuona.

Mama Zaitun 06:54
😂😂

Kocha 07:02
Mimi nina la aibu. Mmoja wa waliokimbia ni winga wangu wa kulia. Tunajidanganya kwamba tukiwapa mpira basi. Nawaachia magharibi, jua likizama. Kuanzia hapo mpaka saa tatu usiku hakuna mtu mzima anayejua walipo, na mambo yetu yote hutokea humo. Abdi, wewe simu yako iliibwa saa ngapi?

Abdi wa Steji 07:03
Saa mbili kasoro.

Kocha 07:04
Pikipiki ya shemeji yako?

Abdi wa Steji 07:04
Saa mbili. Eh.

Mama Mapacha 07:19
Majirani shikamooni. Mtoto ni wangu. Mwenyekiti amenifichia, nashukuru, lakini asubuhi hii wote wanajua.
Aliacha shule muhula uliopita, darasa la sita (P.6). UPE, elimu ya msingi kwa wote, tunaambiwa bure tangu 1997, ila pesa ya uji na ya mitihani siyo bure. Alirudishwa getini mara mbili, ya tatu hakwenda. Mimi natoka kwenda na dagaa sokoni saa kumi na moja alfajiri, narudi mapacha wamelala. Akaanza kuleta unga wa posho nyumbani. Kilo mbili, siku nyingine tatu. Nikauliza pesa ya wapi, akasema amebeba mizigo ya watu wanaotoka Ariwara, upande wa Kongo. Nilitaka kuamini.
Hajati nisamehe.

Hajati (simu ya mjukuu) 07:23
Njoo unywe chai. Mlete na yeye.

Mwalimu Rashid 07:26
Mama Mapacha, Jumatatu nakwenda naye mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Hiyo pesa ya uji tuchange humu, tusisubiri mtu.

Mwenyekiti LC1 07:30
Jambo lingine. Mtoto amesema fungu lake lingekuwa elfu kumi, na simu ilikuwa imeshauzwa kabla ya adhana ya alfajiri. Hawa watoto hawaendi nayo Kampala. Wanauza hapahapa, kwa mtu mzima mwenye leseni na mabati ya rangi. Aliyeinunua yumo kwenye kikundi hiki. Simtaji. Nampa mpaka adhuhuri.

Fundi Simu 07:34
*Ujumbe huu umefutwa*

Fundi Simu 07:36
*Ujumbe huu umefutwa*

Abdi wa Steji 07:36
Fundi, andika tu.

Fundi Simu 07:41
Iko kwangu. Ya kijani, ina ufa pembeni. Walisema ni ya mama yao. Nimenunua elfu 50 na sikuuliza zaidi kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Nairudisha sasa hivi, sidai kitu.

Baba Sadiki Welda 07:42
Kumbe tairi tungemvisha mtoto, na mnunuzi yuko dukani anakunywa chai.

Mwenyekiti LC1 07:47
Fundi, pamoja na hiyo simu ulete daftari jipya. Kuanzia leo, anayeuza simu kwenye vibanda vyetu vyote aache nakala ya kitambulisho, na wewe uandike IMEI, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Kila Ijumaa nalipitia. Wa kibanda cha video naye nimeshaongea naye: sare ya shule haiingii mchana.

Fundi Simu 07:48
Nimekubali.

Mwalimu Rashid 07:50
Bado mwangalizi. Mimi nina wangu 80 darasani, nitasema uongo nikijitolea.

Hajati (simu ya mjukuu) 07:53
Baba Sadiki.

Baba Sadiki Welda 07:53
Nini Baba Sadiki?

Hajati (simu ya mjukuu) 07:56
Karakana yako iko wazi mpaka saa tatu usiku, saa zilezile za Kocha. Akitoka shule aje apige brashi madirisha, moto wa kuchomelea asiuguse. Ale hapo jioni. Wewe si ndiye unayetaka nidhamu?

Baba Sadiki Welda 08:05
Na siku akiondoka na koleo zangu?

Hajati (simu ya mjukuu) 08:06
Mkalie. Kilo unazo.