Madereva wa watalii Ngorongoro, hela za boma la Wamasai mnazokula ni unga wa watoto wa watu

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo rohoni tangu nirudi, nimeona nikinyamaza nitapasuka, kwa hiyo mnivumilie uzi ni mrefu na nina hasira kwelikweli.

Tulienda Ngorongoro mwezi wa pili, msimu ule nyumbu wanazaa kule Ndutu. Kikundi chetu cha mtaani tulichangishana muda mrefu, tukakodi Landcruiser ya abiria saba kwa kampuni moja ya Arusha, jina siweki, wenyewe wakisoma hapa watajijua. Ratiba waliyotutumia WhatsApp imeandikwa wazi kabisa "kutembelea boma la Wamasai" na hela yote tumemaliza kulipa kabla ya safari. Tumelala Karatu, asubuhi tumeshapita geti la Lodoare tunapanda ule mlima, ukungu umetanda huoni hata mita kumi mbele, ndo dereva anatuambia jamani kuingia bomani ni elfu ishirini kila kichwa, keshi, apewe yeye mkononi. Tukamuuliza si ipo kwenye ratiba? Akasema iliyopo kwenye ratiba ni kufika, kuingia ni hela nyingine. Watu wamesafiri toka mbali, nani arudi bila kuingia, wakatoa. Laki na arobaini akaitia mfuko wa shati.

Sasa sikilizeni. Tumefika bomani, wenzangu wamepokelewa na kina mama wanaimba, mimi nilibaki nyuma ya gari natafuta sweta maana kule juu baridi si mchezo. Dereva akaja upande ule ule na kijana mmoja wa pale bomani anayepokea wageni, wakasimama karibu na tairi la spea, akamhesabia misimbazi minne. Minne! Elfu arobaini. Laki nzima imebaki kwake. Yule kijana akaziangalia zile noti, akamwangalia dereva, akazikunja akaweka chini ya shuka bila neno.

Baadaye nikamfuata yule kijana pembeni nikamwambia kaka nimeona, kwa nini mmekubali? Kwanza alikuwa hataki kuongea, akaniuliza kama ni mtu wa kampuni, nilivyomhakikishia mimi ni mgeni tu ndo akafunguka. Akasema kaka hapa boma zipo kadhaa kwenye hii barabara, na anayeamua gari liingie wapi ni dereva, sio mgeni. Ukimwambia dereva hela haitoshi anageuza gari mbele ya macho yako anaenda boma la jirani, na anawaambia na wenzake, wiki nzima mnakaa mnaangalia magari yanapita kwenda Serengeti na vumbi lake mnakula nyinyi. Kuna siku wanapewa elfu ishirini kwa gari zima wanapokea. Akasema wazungu wanatozwa kwa dola huko kwenye gari na wao bomani hawajui wametozwa ngapi, wanachokijua ni kile dereva alichotoa mfukoni.

Huu ni wizi wakuu, sina jina lingine. Mgeni anaamini ametoa kwa ajili ya watu wa boma, watu wa boma wanaamini mgeni ni bahili, na katikati kuna mtu mmoja kashika usukani anawachonganisha wote wawili na anaondoka na laki.

Na wala haikuishia hapo. Kina mama pale kila mmoja ana sehemu yake kwenye uzio ametundika shanga zake, bangili, mikufu, vile vibuyu vidogo vya urembo, mwenye sehemu ndo mwenye hela akiuza, yaani hiyo ndo njia pekee ya mama kupata kitu mkononi mwake mwenyewe siku hiyo. Mimi nilichagua bangili kwa mama mmoja mtu mzima, yeyo (ndo mama kwa Kimasai) wa watu, akanitajia elfu tano. Nikiwa natoa pochi dereva akaja anapiga makofi "twende twende muda umeisha, shanga msinunue hapa, nitawapeleka mahali kuna nzuri zaidi na bei nafuu." Anaongea hivyo mbele yao! Yule mama Kiswahili anakisikia vizuri tu, aliteremsha mkono uliokuwa umenishikia ile bangili, akawa anaangalia chini. Nikamwambia dereva subiri, nikanunua, na wenzangu wawili nao wakanunua, wengine wameshakimbilia kwenye gari kwa kuogopa kuachwa.

Hayo "mahali pazuri" ni duka kubwa la vinyago njiani tukirudi. Tumeshuka tu, mwenye duka katoka na daftari anaandika namba ya gari letu, dereva kapelekwa nyuma kunywa soda. Bangili ya aina ile ile elfu kumi na tano. Mwenye akili hahitaji kuelezwa lile daftari ni la nini.

Halafu ndo maneno yake sasa. Njia nzima toka Lodoare anaongea kama vile Wamasai ni sehemu ya wanyama anaotuonyesha. "Kushoto pundamilia, kulia Wamasai." Tumefika sehemu kuna vijana wadogo wametoka kutahiriwa, wamevaa zile nguo nyeusi na uso wamepaka chokaa nyeupe, wamesimama barabarani wanasubiri magari, akapunguza mwendo akasema pigeni picha haraka kabla hawajaomba hela, akapiga gia akaondoka. Mtoto mmoja akawa anakimbia pembeni ya gari, mkono kanyoosha. Ndani ya gari watu wengine walicheka, nilijisikia vibaya jamani.

Kuna na hii ndo iliyonichoma kuliko zote. Alisema "pigeni sana picha, hawa wanahamishwa, mkija mwaka kesho hamtawakuta." Anasema hivyo kama mtu anayetangaza ofa ya mwisho wa mwaka. Habari ya Msomera, kile kijiji cha Handeni walikohamishiwa watu wa Ngorongoro, kila mtu ana msimamo wake na ina nyuzi zake humu, sitaki kuichanganya hapa, lakini kuanzia 2022 kuna familia zimebomoa nyumba zao zikapakia kwenye malori mpaka Handeni, na Agosti 2024 watu walifunga barabara ile ile tuliyopita sisi kwa sababu vijiji vyao vilifutwa kwenye orodha ya serikali mpaka mahakama ikasimamisha lile tangazo. Hayo ni maisha ya watu. Unayageuza vipi kuwa kionjo cha kuuzia picha?

Akaendelea na uongo wake. Mwenzetu mmoja akauliza mbona bomani ng'ombe hakuna, tumeona ndama tu na mbuzi? Dereva akajibu wavivu hawa, ng'ombe wamekwisha, sa hivi wanategemea watalii. Yule kijana wa boma alinieleza kwa sentensi mbili tu: nyumbu wakizaa wanatoa ugonjwa ambao ng'ombe akiupata haponi, kwa hiyo msimu ule ng'ombe wanaondolewa kule kwenye nyasi fupi wanapandishwa juu mpaka ndama wa nyumbu wakue. Yaani Mmasai anaacha malisho mazuri kuliko yote, wakati wa mvua, majani yamejaa madini, kwa sababu nyumbu wameyashika. Hajamfukuza nyumbu, hajamuua, amempisha. Na ni kila mwaka, babu zao walifanya hivyo hivyo. Sasa mtu anayeendesha watalii kwenye njia hiyo miaka nenda rudi hajui hilo? Au anajua ila kusema uvivu kunanoga zaidi?

Ngorongoro wakuu sio kama Serengeti au Mikumi. Tangu 1959 ilipotengwa na Serengeti ilikuwa ni ardhi ya watu, mifugo na wanyama kwa pamoja, wale waliotolewa Serengeti waliambiwa haya hapa mtaishi. Kilometa za mraba zaidi ya elfu nane, na watu wamo humo humo na tembo na simba. Lakini kulima hawaruhusiwi, ilizuiwa 1975, ikaruhusiwa 1992, ikazuiwa tena 2009. Hata bustani ya sukuma wiki. Kreta, lile shimo kubwa la volkano, hawashushi tena ng'ombe kufuata magadi kama zamani. Kwa hiyo kila debe la mahindi linapandishwa toka Karatu na bei yake unaijua mwenyewe ukiongeza na nauli. Hapo mtu mwenye ng'ombe wachache, ukame umempiga, anakulaje? Anauza mbuzi, anauza shanga, na hiyo hela ya boma ndo inagawanywa. Yule kijana alisema ikipatikana wanatoa kwanza ya unga, halafu inawekwa ya dharura, mama akishikwa na uchungu usiku kumfikisha hospitali ya Endulen ni kukodi gari na hilo gari sio la bure. Elfu mia moja aliyoibeba dereva wetu ndo hiyo hapo.

Nisisahau mambo ya ndani ya boma. Tumepelekwa kwenye kijidarasa cha watoto cha miti, watoto wadogo kabisa wamepangwa wanasubiri. Ubaoni kuna hesabu za kujumlisha, mtoto kapewa fimbo aonyeshe, sasa ukiangalia vizuri zile hesabu chaki yake imeshakuwa ya siku nyingi, haijafutwa, na watoto wanataja jibu kabla fimbo haijafika kwenye namba. Wameshakariri kwa sababu kila gari likija wanaitwa waimbe. Sikatai kuna mwalimu pale anajitahidi, nilimuona, binti mdogo hivi, na kuna sanduku la mchango nikaweka. Lakini hebu fikirieni, mtoto anaacha kujifunza ili aigize kujifunza, na gari likitoka linaingia lingine. Kama ile hela ya boma anayochukua dereva ingekuwa inafika yote huyo binti angelipwa mshahara na magari yangekaribishwa saa za jioni tu.

Na nyumbani kwa watu. Dereva alitusukumia kwenye nyumba moja "ingieni tu, hawa hawana shida." Kijana wa boma akamwambia kwa upole hiyo hapana, tuingie ile nyingine. Dereva hajasikia, kashainua ngozi ya mlangoni. Mle ndani kuna mama katoka kujifungua, amelala na kichanga, giza na moshi, na mmoja wetu tayari kawasha mwanga wa simu usoni kwake. Yule mama alimfunika mtoto kwa shuka akageukia ukutani. Nilimvuta mwenzangu mkono tukatoka. Nauliza, wewe dereva mkeo akiwa arobaini hajamaliza, nikuletee watu saba chumbani na simu zimewashwa, utasema huna shida?

Najua watakuja humu kusema madereva wengi ni wazuri, mishahara ni midogo, msimu ni mfupi. Nakubali wapo wazuri, nimesikia wapo wanaosimamisha gari na kumwachia mgeni alipe mwenyewe, hao Mungu awabariki. Na kama kampuni inakulipa vibaya kagombane na kampuni, kuna na hela ya asante ambayo wageni wanakupa mwisho wa safari na sisi tulikuwa tumekuandalia. Umasikini wako hauhalalishi umnyang'anye mama wa boma.

Ninachotaka ni kitu kidogo sana na hakihitaji kikao Dodoma. Getini pale huingii bila namba ya malipo, kila senti inajulikana imeenda wapi. Kwa nini boma lisiwe na bei imeandikwa kwenye ubao mlangoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, na mgeni alipe pale pale kwa mzee wa boma au kwenye namba ya simu ya boma, apewe risiti? Simu wanazo, mtandao upo, nilimtumia yule kijana nikiwa pale pale na ikaingia. Na nyie kampuni mkiandika "kutembelea boma" kwenye ratiba andikeni na bei yake na kama imelipwa au haijalipwa. Basi.

Kampuni nimeshawaandikia, nimewapa tarehe na namba ya gari, wamesoma, tiki za bluu zipo, jibu hakuna. Nataka ile laki moja irudishwe bomani, sio kwangu. Nimewaambia hivyo na narudia hapa.

NAONGEZEA: naona mnaniuliza kwa PM (ujumbe wa faragha) ni boma gani. Siweki hadharani, kijana kaniomba nisilitaje, likitajwa magari hayasimami tena kwao na nyie mmeshaelewa kwa nini. Ila mliokwenda karibuni, iwe upande wa Ngorongoro au kule Ziwa Natron, andikeni hapa mlitoa ngapi kwenye gari, na kama mlibahatika kuona, boma lilipewa ngapi. Na nyie mnaokwenda Pasaka hii, dereva akitaka keshi ya boma mwambieni mtalipia mlangoni kwa mkono wenu, akigoma mpigieni mwenye kampuni hapo hapo mkiwa wote kwenye gari anasikia.