Biti ya pili inazama milimita 4.2 zaidi

chipu_za_mbao: Wakuu, mashine ni 3018 (CNC ndogo ya kuchonga), kidhibiti chake ni GRBL 1.1. Biti ya kwanza inakata vizuri. Nikibadilisha, napima Z (kimo cha biti) upya kwa kugusisha biti kwenye kibati cha mm 15, skrini inasoma sawa. Programu ikianza tu, biti inazama mm 4.2 zaidi. Kila mara ni 4.2 ileile.

koleti11: Kama haibadiliki, koleti (kishikio cha biti) haina kosa. Ikilegea, biti huteremka kidogo kidogo kadiri unavyokata. Kabla ya kuendesha programu andika $# utupe mstari wa TLO (fidia ya urefu wa biti).

chipu_za_mbao: [TLO:4.200]

koleti11: Ndiyo huyo mchawi. Kuna G43.1 (amri ya kuweka TLO) ya zamani bado inafanya kazi. Ulipotuma G10 L20 P1 Z15 kuweka sifuri juu ya kibati, GRBL iliihesabu TLO hiyo ndani ya sifuri yako. Faili la programu likianza na G49, TLO inafutika na sifuri inashuka 4.2. Tuma G49 kwanza, ndipo upime.

mota_z: Kisha ondoa kibati, mota inayozungusha biti ikiwa imezimwa tuma G0 Z1 (biti iende mm 1 juu ya sifuri); kipande cha mm 1 kipite chini ya biti kwa kugusa tu. G43 H1 (fidia kutoka jedwali la biti) usihangaike nayo, mkuu, GRBL itakujibu error:20, yaani amri hiyo haiikubali.