Gumzo la Ukoo, Chumbageni: Zuhura na maji moto ya Kusatsu, Japani

Zuhura: Shikamooni wote. Tumesharudi Maebashi salama. 📷📷📷📷

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Hizo nguo mlizovaa ni za nani?

Zuhura: Za nyumba ya wageni, mama. Zinaitwa yukata. Unazikuta chumbani zimekunjwa. Unakulia, unalalia, na barabarani unatoka nayo hivyo hivyo, hakuna anayekutazama mara mbili. Mtandio wangu juu, mambo shwari.

Shangazi Mwanaidi: Huyu wa kushoto mbona anavutwa vutwa na mwenzie?

Zuhura: Linh huyo shangazi, wa Vietnam. Alilaza upande wa kulia juu, Naoko, Mjapani wetu, akapiga ukelele! Lazima wa kushoto uje juu. Kulia juu wanavalishwa maiti.

Hamisi: 😂😂 Nimemsomea Bibi. Anasema "Astaghfirullah, mvueni haraka!"

Mjomba Salim: Wapi hapo? Moshi umejaa mji mzima.

Zuhura: Mvuke huo mjomba. Kusatsu, mlimani, kama mita 1,200 juu ya bahari. Chemchemi ya Yubatake iko katikati ya mji kabisa, inatoa lita 4,000 hivi kwa dakika. Hiyo mifereji ya mbao maji yanapita humo yapoe kidogo kabla ya kwenda mabafuni. Salfa inayoganda chini wanaikwangua.

Shangazi Mwanaidi: Lazima panuke.

Zuhura: Mayai viza! Ukishuka tu kwenye basi. Baadaye pua inakubali yaishe.

Shangazi Mwanaidi: Basi si kama Galanos hiyo, maji moto yetu ya Tanga? Tumeenda sana na mama, hapo hapo Amboni. Nyie mpaka mpande ndege.

Mama Zuhura: Zuhura. Mlioga uchi?

Hamisi: 👀

Zuhura: Nilikuwa nalisubiri hilo 😅 Wanaume kwao, wanawake kwao, kila mlango na pazia lake. Lakini ndani, ndiyo mama, hakuna nguo. Hata ya kuogelea hairuhusiwi.

Mama Zuhura: Zuhura!!

Zuhura: Subiri basi! Mimi na Rahma yule Mwindonesia hatukuingia huko. Pana bafu dogo la kukodi, unapewa ufunguo, unajifungia. Akaingia yeye, akatoka, nikaingia mimi. Linh na Naoko ndio walienda kwenye lile kubwa.

Mama Zuhura: Hapo sawa. Ungeanza na hilo.

Hamisi: Picha ya bafu iko wapi?

Zuhura: Simu marufuku ndani. Na wewe ukome.

Shangazi Mwanaidi: Mimi hoja yangu ni uchafu. Watu kumi wanaingia maji hayo hayo?

Zuhura: Shangazi, huingii na uchafu wako. Kwanza unakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba, una ndoo yako ndogo na sabuni. Unajisugua kichwa mpaka kisigino, unajisuuza povu lote liishe, nywele unazifunga juu. Ukishatakata ndiyo unaingia. Bafuni hupeleki sabuni wala hujisugui, unakaa tu. Kile kitaulo kidogo hakiguswi na maji, unakikunja unakiweka kichwani. Naoko kasema ukiruka hatua ya kuoga kwanza, vibibi vya humo hawakusemi, wanakutazama tu mpaka utoke mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Hao vibibi nimewapenda.

Mjomba Salim: Asidi yake ikoje? pH?

Hamisi: Mwalimu wa kemia kaamka.

Zuhura: 2 na kidogo mjomba, kama ndimu. Ukiwa na mkwaruzo unaruka! Kwenye chumba cha kubadilishia pana tangazo mvue vito vya fedha, vinakuwa vyeusi.

Mama Zuhura: Pete ya bibi yako?

Zuhura: Niliiacha kwenye begi mama, usiogope.

Mjomba Salim: Na mto unaopokea maji hayo? Samaki wanaishije?

Zuhura: Tulipita hapo. Wanatia unga wa chokaa mtoni kila siku tangu 1964, asidi ipungue. Zamani huko chini saruji ilikuwa inaliwa.

Mjomba Salim: Safi sana. Hiyo ndiyo kemia, si kukariri.

Zuhura: Na maji yakiwa ya moto mno hawatii ya baridi, wanasema yataharibu nguvu. Akina mama wanasimama wamezunguka bwawa na mbao ndefu kama kimo cha mtu, wanakoroga huku wanaimba mpaka yapoe. Siku hizi ni maonyesho ya wageni, ila na sisi tulipewa mbao. Mabega mpaka leo.

Mama Zuhura: Mlikula nini? Nguruwe je?

Zuhura: Rahma aliandika mapema, hakuna nguruwe wala pombe kwenye mchuzi. Wakatuletea samaki wa mtoni wa kuchoma kwa chumvi, tofu ya soya, uyoga, mboga za kukaanga, wali. Visahani vidogo vidogo, mezani hapatoshi. Tulipomaliza, wahudumu wakaja kututandikia magodoro chini kwenye mikeka. Hakuna kitanda. Na viatu unaacha mlangoni, kandambili za chooni hazitoki chooni.

Mama Zuhura: Watu wenye adabu zao. Hamisi, umesoma hilo la kandambili?

Hamisi: Nimeingizwaje mimi? 🙄

Hamisi: Bibi anauliza maji hayo yanasaidia magoti.

Zuhura: Wenyewe wanasema yanaponya kila kitu isipokuwa mapenzi 😂 Mwambie nimemnunulia ile salfa ya unga, ya kutia kwenye beseni. Asinywe!

Hamisi: Anasema anataka mbili.

Shangazi Mwanaidi: Bei gani kulala?

Zuhura: Yeni 18,000 kila mtu, na chakula cha usiku na asubuhi.

Hamisi: Nimepiga hesabu. Laki tatu na ushee. Usiku mmoja. 😳

Shangazi Mwanaidi: Kumbe hela ipo. Zuhura mwanangu, kwenye daftari la mchango wa harusi ya Mwanahawa jina lako bado jeupe.

Zuhura: Ijumaa shangazi 🙏

Shangazi Mwanaidi: Namba ni ile ile. Na ya kutolea uweke.