Tupeane uzoefu: nani ameshafufua kiyoyozi cha maji kwa ajili ya sere yake (nyumba ya plastiki ya kuoteshea mimea)?

Papa Nyanya, Bel-Air
Jambo yenu wapenzi wa bustani. Septemba imeingia, jua la Lubumbashi mnalijua. Nina sere ndogo nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 6, nyanya na pilipili tu, ya kujifurahisha. Mwaka jana mwezi wa kumi maua ya nyanya yalipukutika karibu yote. Joto likipita nyuzi 32 au 33 siku kadhaa mfululizo, chavua inaharibika na tunda halishiki.

Sasa shemeji alipohama aliniachia kiyoyozi cha maji, lile sanduku la bati lenye feni ndani na pedi ubavuni; pompi inalowesha pedi, feni inavuta hewa kupitia humo nayo inapoa. Kilipitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini zamani. Kimelala uani misimu mitatu ya mvua, kuku anatagia ndani. Jumapili nimekifungua: pedi zimekauka kama mkate wa juzi, nyeupe kwa chumvi, sinia ya chini ina kutu, pompi haitoi tone. Feni ndiyo inazunguka, ila kwa kulia. Mama watoto anasema niwape wanunuzi wa vyuma. Mliowahi kufufua kitu cha namna hii, mlianzia wapi?

Yaya wa Katuba
Usiuze, mdogo wangu. Changu nilikikuta kibaya kuliko hicho. Nilipoteza pesa bure kununua pompi mpya, maana ile ya zamani haikuwa imekufa. Maji yetu ya foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine) yana chokaa nyingi; maji yanaruka hewani, chokaa inabaki, na lile pangaboi dogo linalosukuma maji ndani ya pompi lilikuwa limegandishwa. Niliilaza kwenye siki usiku mmoja, ikatoa povu, asubuhi ikazunguka. Na ule mrija wa juu unaodondoshea maji kwenye pedi, zibua kila tundu kwa sindano. Tundu likiziba, kipande cha pedi chini yake kinabaki kikavu, na hewa ya moto inapita papo hapo.

Ila jambo moja: ukishatumia siki usimwage javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) juu yake. Nilifanya hivyo kwa haraka ya usafi, nikatoka nje nakohoa na macho yanatiririka. Ile ni gesi ya klorini, si mchezo.

Sinia niliisugua kwa brashi ya chuma, nikapaka rangi ya lami, nikaacha ikauke vizuri.

Fundi wa Ruashi
Papa, zungusha feni kwa mkono kwanza, kurani (umeme) ikiwa imekatwa. Ikizunguka laini lakini ukiwasha inanguruma tu bila kuondoka, mara nyingi ni kondensateri (kile kikopo kinachotunza chaji ya kuiondoa mota), si mota. Usiiguse kabla ya kuimaliza chaji yake.

Nilishaletewa kimoja, mwenyewe analalamika hewa ni dhaifu. Kumbe aliyekitengeneza kabla yangu aligeuza nyaya, feni ya ngoma (ile ya mviringo kama pipa) inazunguka kinyume. Feni ya aina ile hata ikizunguka kinyume inapuliza upande uleule, ila kwa uvivu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mwaka mzima!

Mama Miche, Kampemba
Mimi pedi za dukani sikuzipata, nikaanza na magunia ya katani. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya tatu sere inanuka kama ziwa lililooza, na magunia yamelegea hadi chini. Nikaweka makala (makaa ya kupikia): vipande vidogo kati ya nyavu mbili za banda la kuku, unene kama wa kiganja, nikayaosha kwanza mpaka maji yakatoka meupe. Hayaozi. Yanapoza kidogo kuliko pedi ya kweli, lakini nimeyatumia misimu miwili.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Niliwaza kama mtu wa friji: funga kila mahali ili baridi isitoke. Siku tatu majani ya stroberi yakaota ukungu wa kijivu. Hewa ya mashine hii inaingia imebeba maji, lazima itoke ng'ambo, la sivyo inashiba unyevu na haipozi tena. Sasa upande wa pili nina dirisha wazi kubwa kuliko mdomo wa mashine, na jioni nazima.

Mwana Bukavu
Nawaonea wivu. Huku kwetu kando ya Kivu hewa yenyewe ina unyevu. Nilijaribu, joto likashuka nyuzi 3 tu, nikapata ukungu wa bure. Nikarudi kwenye wavu wa kivuli.

Tantine wa Golf
Angalia waya wa pompi kabla ya kutia maji. Wangu panya alikuwa ameutafuna. Niligusa sinia na mikono mibichi, nikarushwa nyuma, disjonkta (swichi inayokata umeme yenyewe) haikuruka kwa sababu waya wa ardhini haukuwepo. Tangu siku hiyo hakuna anayewasha kabla sijaona waya wa kijani na njano umefungwa kwenye bati.

Papa Nyanya, Bel-Air
Narudi, wiki mbili baadaye. Waya wa ardhini nilifunga kwanza, Tantine. Pompi ilipona kwa siki, Yaya nakushukuru. Pedi ni za makala. Jana saa nane mchana nje kulikuwa 33. Karibu na mashine 24, mwisho wa sere 28, maana jua linaongeza lake njiani. Pipa la lita 200 linaisha siku mbili, na kila jioni namwaga ndoo moja ya maji ya sinia ili chumvi isijikusanye. Yale wanakunywa migomba. Kurani ikikatika mchana, nafungua plastiki pande zote na kuomba.

Feni bado inalia asubuhi, ikipata joto inanyamaza. Nimeipaka mafuta ya mawese.

Fundi wa Ruashi
Mawese! Papa, yatageuka gundi. Futa yote, tafuta vitundu viwili vya mafuta kwenye mota, kila kimoja matone mawili ya mafuta ya cherehani. Ikiendelea kulia, niletee.