Kocha wa kikapu wa chuo Marekani akihama, fidia analipa nani?

Dunda_Mtaani:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kabla John Calipari hajatoka Kentucky kwenda Arkansas Aprili 2024, kila mahali iliandikwa kuwa mkataba wake una fidia ya zaidi ya dola milioni 33. Mbona alipoondoka hakuna aliyelipa? Halafu Chris Beard alipotoka Texas Tech kwenda Texas mwaka 2021 tukasikia milioni 4. Hizi hesabu zinakwendaje?

Ribaundi:
Mkuu, hapo kuna vifungu viwili tofauti: bei ya kumfukuza kocha na bei ya kocha kuondoka mwenyewe. Ile milioni 33 ni ambayo Kentucky ingelipa kama ingemtimua, asilimia 75 ya malipo yaliyobaki. Kwa kuwa kaondoka kwa hiari, deni likafa. Na akiondoka, mkataba wake haukumdai chochote. Wa Beard ulimdai.

Vichwa vya habari hupenda ile namba kubwa, kwa hiyo kila ukiona "fidia" uliza kwanza: nani anamlipa nani?

Bei ya kuondoka kwa kawaida hushuka kila mwaka, tena kwa tarehe maalumu. Kama tarehe ni 1 Aprili, kutangazwa siku moja mapema kunaweza kugharimu dola milioni nzima. Ndiyo maana utasikia kocha "yuko kwenye mazungumzo" wakati kila kitu kimeshakubaliwa. Mikataba mingine hupandisha bei akienda kwa mpinzani wa ligi hiyohiyo.

Kwenye karatasi mdaiwa ni kocha, ila mara nyingi chuo kipya ndicho kinachotoa hela. Tatizo ni kodi: hela hiyo huhesabiwa kuwa kipato cha kocha, hivyo chuo humwongezea nyingine ya kufidia kodi. Milioni 4 haiishii milioni 4.

Karani_wa_Mikataba:
Niongeze upande wa mshahara. Chukua kocha Dan Hurley wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), chuo alichochezea Hasheem Thabeet wetu. Juni 2024 aliwakatalia Lakers wa NBA, mwezi uliofuata akasaini UConn miaka 6 kwa dola milioni 50. Katika mkataba huo, mshahara wa msingi ni dola 400,000 tu kwa mwaka. Mamilioni yamewekwa kwenye kazi za vyombo vya habari, hotuba na ushauri, na juu yake bonasi ya milioni 1 kila mwaka kwa kubaki. Bonasi hiyo ni kufuli zuri kuliko fidia, kwa sababu chuo kipya kikimtaka lazima kizibe pengo hilo pia.

Kwa aliyefukuzwa, tafuta kifungu kinachomtaka atafute kazi nyingine. Kikiwepo, mshahara wa kazi mpya hukatwa kwenye anachodai. Kisipokuwepo, anakula kotekote, na huo kwangu ni uzembe wa mwanasheria wa chuo.

Dunda_Mtaani:
Asanteni sana. Na vijana wetu waliosajiliwa na kocha anayehama?

Ribaundi:
Ufadhili wa masomo ni makubaliano na chuo, si na kocha. Kocha akiondoka unabaki. Nafasi uwanjani ndiyo haina dhamana, maana kocha mpya huja na watu wake: DJ Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivišić walimfuata Calipari Arkansas. Kabla ya kusaini, kijana apate kwa maandishi ufadhili ni wa miaka mingapi.

Akiamua kuhama na ana visa ya mwanafunzi (F-1), asijitoe chuo cha kwanza kiholela. Apate barua ya kukubaliwa chuo kipya, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakubaliane tarehe ya kuhamisha rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), kisha chuo kipya kimtolee I-20 mpya, yaani fomu ya kuthibitisha anasoma hapo. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi 5 baada ya rekodi kuhama. Wengi hukwama hapa: kocha kaahidi nafasi kwa simu, kijana kaacha masomo, na rekodi bado haijahama.