Kuonja mvinyo kwenye mashamba ya familia: Stellenbosch, Franschhoek, Robertson, au tubaki zetu Dodoma?

NyukiWaUbungo

Wakuu, heshima kwenu. Februari mwakani mimi na mama watoto tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na safari hii nimekula kiapo: Zanzibar kwa mara ya nne, hapana. Mwenye mvinyo hapa nyumbani ni yeye. Mimi nilikuwa mtu wa bia hadi aliponibadili dini taratibu, glasi kwa glasi. Tuna siku tano, na sharti lake ni moja: mashamba yawe ya familia, anayetumiminia awe anajua mzabibu ule nani aliupanda. Hataki ukumbi wa kuingizwa kimakundi, mnapewa tone tone kama watoto wa shule siku ya dawa ya minyoo.

Nimesomasoma nimebaki na Stellenbosch, Franschhoek na Robertson, zote za Afrika Kusini. Shemeji yangu anasema tunachoma hela, tupande treni twende Dodoma. Aliyefika atufungue macho.

ShangaziMeru

Franschhoek, usijiulize mara mbili. Kuna tramu ya mvinyo, ipo tangu 2012. Unakata tiketi moja, unashuka shamba unalotaka, unaonja, unapanda inayofuata. Hakuna kugombana nani ataendesha. Na bonde lenyewe ni zuri jamani, milima imelikumbatia, majina ya Kifaransa kila kona kwa sababu Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa waligawiwa ardhi pale kuanzia 1688.

Sisi tulifika kwa familia ya von Arnim, Haute Cabrière, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Wanakata shingo ya chupa kwa upanga, kizibo kinaruka na kipande cha kioo. Mume wangu alishangilia mpaka nikaona haya.

KiziboKirefu

Shangazi, tramu ni nzuri ila ndiyo hiyo hiyo anayoikimbia mama watoto. Mnashuka watu kibao kwa mpigo, na anayewahudumia mara nyingi ni kijana wa chuo aliyekariri karatasi. Anayetaka familia aende Stellenbosch, upande wa mlima Simonsberg.

Aanze Muratie. Chumba cha kuonjea kina utando wa buibui madirishani na hawaufuti, ni makusudi. Ukiingia unahisi umekosea nyumba. Shamba lilianza 1685, na historia yake ni ya kukaa chini usikilize: mwenyewe wa kwanza, Laurens Campher, alimpenda Ansela, mwanamke aliyekuwa mtumwa kule mjini Cape. Kwa miaka alikuwa anatembea kama kilomita 32 kwenda kumwona, mpaka alipopata uhuru wake wakaja kuishi pale. Leo mvinyo wao mmoja mwekundu unaitwa Ansela van de Caab, na mweupe mmoja unaitwa Laurens Campher. Familia ya Melck iliwahi kulimiliki karne ya 18, likawatoka mikononi, wakalinunua tena 1987. Mimi nilisimuliwa yote haya huku mbwa amelala miguuni kwangu.

Ukitoka hapo, Kanonkop si mbali. Wale ni ndugu wa familia ya Krige, kizazi cha nne. Usitegemee mgahawa wala mapambo, pale ni Pinotage. Kwa asiyejua, hiyo ni zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Juisi inachachukia kwenye matenki ya zege yaliyo wazi juu, na maganda yanayoelea yanashindiliwa chini kwa mkono, mchana na usiku. Ukakasi wake unakushika ulimi kama ndizi mbichi, halafu unalegea polepole. Inunue, iweke miaka kadhaa, usiwe na pupa.

KijanaWaPosta

Mmesahau Groot Constantia! 1685 hiyo hiyo, na iko karibu kabisa na mji wa Cape Town.

KiziboKirefu

Ni kongwe kweli, ila si ya familia mdogo wangu. Iko chini ya wadhamini tangu 1993. Soma sharti la mwenye mada.

KijanaWaPosta

Sawa mkuu, nimekaa.

DerevaWaBellville

Salaam. Mimi ni mtu wa Tanga, nawaendesha wageni huku Cape mwaka wa tisa sasa. Sinywi, kwa hiyo ladha waulizeni hao hapo juu. Mimi nazijua nyua, mageti na wenye nyumba.

La kwanza: Februari ni mavuno. Mwenye shamba hutamkuta sebuleni, yuko kwenye matenki toka alfajiri, suruali imelowa zambarau. Wengine wanaona hilo ni kasoro. Kwangu ndiyo siku nzuri, maana ukifika kwa adabu na umepanga miadi, anakuita uchungulie pipa au uonje juisi inayochachuka, tamu huku inachoma. Mgeni wa Julai haoni hayo.

La pili: msifanye mashamba matano kwa siku. Nimewabeba watu wa hivyo. Shamba la nne hawakumbuki walikuwa wapi, la tano nawashikia mlango. Matatu yanatosha, la kwanza saa nne asubuhi, chakula katikati. Wengi wanafunga saa kumi na moja jioni, na mashamba madogo wengine hawafungui Jumapili. Na ile ndoo mezani ni ya kutemea, itumieni. Si dharau, wenyeji wenyewe wanatema. Anayeendesha ajue kikomo cha huku ni gramu 0.05 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na polisi wa barabarani hawana mzaha.

La tatu: Meerlust. Familia ya Myburgh wako pale tangu 1756, kizazi cha nane. Shamba liko kilomita chache tu kutoka baharini, na alasiri ule upepo unakupiga usoni mpaka unashika kofia. Wanasema ndio unaopoza zabibu. Mimi najua tu kwamba unanipunguzia kiyoyozi.

BintiWaMachakos

Naona Robertson inapitwa hivi hivi, na mimi ndiyo niliipenda kuliko zote. Ni mbali kidogo, kama kilomita 160 kutoka Cape Town, na ndiyo maana mabasi ya watalii ni haba. Udongo wa kule una chokaa nyingi, hata farasi wa mashindano wanafugwa huko kwa sababu hiyo, mifupa inakomaa. Tulikwenda Springfield kwa familia ya Bruwer, tukakaa nje kando ya bwawa tukaonja mvinyo wao mweupe wa Sauvignon Blanc, unaitwa Life from Stone. Ardhi ile ina mawe kiasi kwamba unashangaa mti umepenya wapi. Hakuna aliyetuharakisha. Kama mnataka shamba na familia bila sherehe, ni huko. Ila chukueni malazi hukohuko, kurudi usiku kwa umbali ule haifai.

Wakenya wenzangu mnaosoma: viza hatuhitaji tangu Januari 2023, lakini kadi ya homa ya manjano msiiache. Mimi niliiacha, nikaitafutia jasho uwanjani Nairobi.

Mpogoaji

Naona Dodoma imetajwa mara moja, tena kwa mdomo wa shemeji. Mimi ni mkulima wa Hombolo, ekari mbili za mizabibu, baba alipanda, mimi nimeng'oa nusu nikapanda upya. Nitasema ukweli hata kama unaniumiza.

Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu huku haulali kwa baridi kama wa Ulaya, unalazwa kwa mkasi: ukipogoa leo, baada ya miezi minne hivi unavuna. Mavuno ya Februari na Machi yanakimbizana na mvua na ukungu. Yale ya Agosti na Septemba ndiyo yenye sukari, jua kali, usiku wa baridi, jani kavu. Aina yetu kuu ni ile nyekundu ya Makutupora, halafu Chenin Blanc na Syrah. Kwa hiyo Nyuki, ukija Februari unakuja wakati wetu mbaya.

La pili ndilo zito. Huko Cape, familia inayolima ndiyo inayokamua na kuweka kwenye chupa. Hapa wengi wetu tunauza zabibu kiwandani kwa kilo. Familia iko shambani, chupa iko kwingine. Viwanda vidogo vinaongezeka, na Bihawana kuna cha misheni, lakini wengi hawajazoea mgeni wa kuonja. Mwaka juzi nilimpeleka rafiki kutoka Dar kwenye kiwanda kimoja kidogo, mlinzi akatuambia aliyeshika funguo amekwenda msibani. Tukarudi nyumbani kwangu, nikamfungulia chupa yangu ya nyumbani, tukala na nyama choma. Akasema ndiyo ziara bora aliyowahi kufanya. Sijui kama alikuwa ananifariji.

ShangaziMeru

Mpogoaji, shikamoo kwa ukweli. Agosti nakuja mimi. Treni ya umeme kutoka Dar ni saa tatu na nusu tu, sina kisingizio.

Mpogoaji

Marahaba, karibu. Leta mkasi.

NyukiWaUbungo

Wakuu, mmenisaidia kuliko mawakala watatu niliowapigia. Uamuzi: usiku mitatu Stellenbosch kwa ajili ya Muratie, Kanonkop na Meerlust, kisha mmoja Robertson. Shangazi unisamehe, tramu tutaipungia mkono. Dodoma ni Septemba, na shemeji ndiye atakayelipa nauli maana ndiye mwenye wazo.

Swali la mwisho: chupa ngapi naruhusiwa kuingia nazo JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, bila kulipishwa?

KiziboKirefu

Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni lita mbili za mvinyo kwa mtu mzima. Chupa mbili za kawaida, unabakiwa na nafasi kidogo isiyotosha ya tatu. Zifungeni kwenye nguo katikati ya sanduku, siyo pembeni. Na msitupe risiti: manunuzi yakizidi randi 250 mnadai VAT yenu, asilimia 15, kabla ya kupanda ndege. Mizigo ikaguliwe kwanza ndipo muikabidhi, wengi wanakosea hapo.

MamaWatotoMwenyewe

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Lita mbili ni kwa kila mtu, kwa hiyo zako pia ni zangu. Na wewe utabeba mkoba mmoja wa nguo, sanduku kubwa lina kazi. Dereva wa Tanga, Februari tarehe za katikati uko huru?

DerevaWaBellville

Niko huru dada. Waambie Muratie mapema tu, chumba chao ni kidogo na buibui wamechukua nusu.